IJUE BETRI YA BAISKELI YA UMEME

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini ajali ya betri ya lithiamu kinga inayo, nayo ni maarifa. Mwaka wa 2023, katika jiji la New York, Marekani, watu 18 walifariki kutokana na mioto ya betri hizi, hasa za vyombo vidogo kama baiskeli za umeme. Hapa kwetu pia baiskeli na pikipiki za umeme zinazidi kuonekana barabarani. Basi tujifunze mapema.

Betri ni nini?
Betri ya baiskeli si kitu kimoja, bali ni seli nyingi ndogo zilizofungwa pamoja. Seli ya kawaida ya lithiamu ina volti 3.7 hivi, na ikijaa hufika 4.2. Betri ya volti 48 mara nyingi huwa na safu 13 za seli, zikifuatana kama wanafunzi mstarini. Piga hesabu: 13 × 4.2 ni 54.6. Kwa hivyo chaja yake lazima ikomee volti 54.6, basi!

Kusawazisha ni nini?
Chukua vikombe 13, uvitie maji kijiko kwa kijiko, kila kimoja sawa na kingine. Kama kimoja kilikuwa na maji tangu mwanzo, kitafurika kabla vingine havijajaa. Seli nazo ni vivyo hivyo. Chaja huona jumla tu. Seli 12 zikiwa na volti 4.18 hivi na moja ikiwa na 4.4, jumla bado ni 54.6, na chaja haishtuki! Kumbe ile moja imezidi mpaka, na seli ikizidishiwa yaweza kuchemka na kuwaka moto.

Ndiyo maana ndani ya betri mna saketi ya ulinzi inayopima kila safu. Safu moja ikizidi, saketi hukata chaji. Pia hupunguza umeme kidogo katika seli zilizotangulia, ili zilizo nyuma zizifikie. Huko ndiko kusawazisha. Katika betri nyingi kazi hii hufanyika karibu na mwisho wa kuchaji. Kwa hivyo, mara moja moja iache betri ijae kabisa.

Mambo ya kuzingatia
1. Tumia chaja ya betri hiyo hiyo. Plagi kuingia si hoja.
2. Chaji ukiwa macho, mbali na godoro na mlango wa kutokea.
3. Betri ikiwa moto kwa jua au safari, ipoe kwanza.
4. Betri iliyofura, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe kamwe.
5. Usikubali fundi airuke saketi ya ulinzi kwa waya, wala achanganye seli kuukuu na mpya. Samaki mmoja akioza, wote huoza.
6. Ukiona moshi, toka nje, funga mlango, piga mayowe. Usirudie chochote. Baiskeli hununuliwa, roho hainunuliwi.

Zoezi
Betri ya volti 36 ina safu 10 za seli kama hizo. Je, chaja yake ikomee volti ngapi?
(Jibu: 42. Ukikosa, soma tena!)