Vidonge vya kuacha sigara: anza kumeza kabla hujaacha

Umeamua kuacha sigara na umesikia kuna dawa. Ipo, na inasaidia. Ila ina utaratibu ambao wengi hawautarajii: unaanza kuimeza ukiwa bado unavuta.

Kwa hiyo chagua kwanza siku ya kuacha. Isiwe siku ya mnada wala harusi ya shemeji. Kama wiki mbili kabla yake, nenda ukamwone daktari, kwenye hospitali ya Nyamiaga au ya Murgwanza hapa Ngara. Usihangaike na duka la dawa muhimu la mtaani. Hizi ni dawa za cheti.

Utasikia majina mawili: bupropioni na vareniklini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hiyo haina maana utazikuta Ngara mjini. Piga simu famasi za Bukoba na Mwanza kabla hujapanda basi, na ulizie dozi nzima, kwa kawaida wiki 7 hadi 12. Vidonge vya mkononi achana navyo, hata kama muuzaji anavuka mpaka wa Rusumo kila wiki.

Kwa daktari usifiche kitu. Umewahi kuanguka kifafa, hata utotoni? Bupropioni haikufai. Unatumia ARV au dawa za TB? Una ugonjwa wa figo, sonona, au mimba? Sema. Na pombe itaje kwa kiasi chake cha kweli, rubisi nayo ni pombe. Mlevi wa kila siku akiikata ghafla huku anameza bupropioni anaweza kupata degedege.

Bupropioni kwa kawaida huanza na kidonge kimoja cha miligramu 150 kila siku kwa siku 3, kisha viwili kwa siku, vikiachana saa 8 au zaidi. Usikitafune wala kukikata. Cha pili kimeze jioni mapema. Ukingoja wakati wa kulala utahesabu mabati mpaka alfajiri. Ukisahau kimoja, usifidie kwa kumeza viwili pamoja.

Vareniklini inataka ushibe kwanza, kisha glasi nzima ya maji. Vinginevyo kichefuchefu kitakusumbua. Ndoto za ajabu zisikutishe. Lakini yakikujia mawazo ya kujidhuru, kwa dawa yoyote kati ya hizi, acha kumeza na urudi hospitali siku hiyohiyo.

Siku yenyewe ikifika, gawa fegi zilizobaki? Hapana, zitupe. Kiko cha babu nacho kiache. Dawa inapunguza hamu. Kujitoa kijiweni ni kazi yako. Kama ulizoea kuvuta na kahawa ya asubuhi, kunywa chai wiki hizi. Hamu ikipanda, nyanyuka utembee. Hupita ndani ya dakika chache.

Ukiteleza ukavuta moja, usitupe vidonge. Endelea na dozi, na mwambie daktari utakaporudi.