Njia ya Zambia: angalia kuume kwanza



Wengi wetu tunapanda basi kwenda Zambia: huyu anatumwa na kazi Kitwe, mama anafuata bidhaa Ndola, mtoto anakwenda masomoni. Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa karibu 90. Pasipoti tunaitayarisha, karata ya chanjo vilevile. Lakini pale mpakani motokari zinabadili upande, na hilo halina karata. Kwetu zinashika mkono wa kuume, tangu wakati wa Wabeleji. Zambia zinashika kushoto, kama Waingereza walivyoacha.

Utasema: mimi si shofere, yananihusu nini? Yanakuhusu sana wewe unayekwenda kwa miguu. Tangu utoto, ukitaka kuvuka njia, kichwa kinageuka kushoto kwanza, maana motokari ya karibu inatoka huko. Hufikiri, kinageuka chenyewe. Zambia motokari ya karibu inatoka kuume. Umeangalia kushoto, umeona njia ni tupu, umeweka mguu chini, na kamiyo ya shaba inakuja upande ambao hukuutazama.

Basi simama ukingoni: kuume, kushoto, tena kuume, ndipo uvuke. Mtoto mshike mkono. Hata wewe uliyezoea safari hiyo. Siku ya uchovu kichwa kinarudia desturi ya nyumbani. Na ukikaa kule miezi miwili, hatari inakungoja tena ukirudi.

Kwenye kituo, mgeni mara nyingi anangojea upande mbaya. Anaona basi lake linasimama ng'ambo, anakimbia. Acha liende! Lingine litakuja.

Huku kwetu kuna balaa lingine. Mabasi madogo mengi yanatoka nchi zinazoshika kushoto: volani iko kuume, mlango uko kushoto. Hapa kwetu mlango huo unafunguka katikati ya njia. Mpokea pesa anapiga kelele: shuka, shuka! Mwache apige. Toa kichwa kwanza, tazama nyuma, kisha ushuke na kulizunguka basi kwa nyuma, karibu na bati lake. Usipite mbele: shofere akiondoka, mtoto mfupi hamwoni.

Mtu akigongwa, kwanza simamisha motokari nyingine. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi. Usimvute mikono wala kumkalisha, kwani shingo inaweza kuwa imevunjika. Mmoja ashike kichwa kisitikisike mpaka wauguzi wafike. Usimpe maji wala pombe. Mwondoe tu kama moto au motokari nyingine inamtisha. Na aliyepigwa kichwa akasimama akisema "mimi mzima", nyumbani wamwangalie usiku huo. Akitapika, akisema ovyo au akishindwa kuamka vizuri, apelekwe hospitali usiku uleule, msingoje asubuhi.