Mita sitini za mkulima, sifuri za machinjio

“Habari wakili. Nina vinyungu viwili bondeni, nimeachiwa na marehemu baba mkwe. Mwaka jana mwezi wa nane alikuja afisa na mgambo wawili wana kamba. Wakapima kutoka kwenye maji, wakasema nimo ndani ya mita sitini. Nilipe laki moja na nusu au mahindi yafyekwe. Nililipa, nikasaini karatasi, risiti sikupewa. Mwaka huu wamerudi. Juu yangu kuna machinjio ya halmashauri, damu na kinyesi vinashuka mpaka kwangu, hao hawapimwi. Je, nina haki yoyote? Na shemeji yangu amepanda mikaratusi palepale, naye ana kosa?”

Barua nimeifupisha, na wilaya siitaji, maana mwandishi wake bado anaishi na hao wenye kamba. Wasomaji wa Iringa, Njombe na Mbeya hawahitaji kuambiwa ni wapi. Kwa wa Pwani niseme tu kwamba kinyungu ni shamba la bondeni, hulimwa kwa matuta wakati wa kiangazi ardhi ingali na unyevu, na mahindi yake mabichi ndiyo yanayoivusha nyumba wakati ghala limekwisha na ya mlimani bado.

Mama, tuanze na hizo mita sitini, maana ndimo wengi wanamonaswa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kweli inataja mita sitini. Afisa hakuitunga. Ila aliisoma nusu. Kifungu hakisemi kwamba ndani ya mita sitini hakuna ruhusa ya kufanya chochote. Kinakataza shughuli za aina mbili: zenye asili ya kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha hifadhi ya eneo. Nyumba ya tofali ni ya kudumu. Kituo cha mafuta ni cha kudumu. Mahindi yanayopandwa Julai na kuvunwa kabla ya masika si ya kudumu kwa maana yoyote ninayoijua. Kwa hiyo anayetaka kukutia hatiani kwa kinyungu hana budi kwenda kwenye aina ya pili, athibitishe kwamba kilimo chako, jinsi unavyokilima wewe, kinaharibu. Kamba haithibitishi hilo. Kamba inapima urefu tu.

Kuna jambo la pili ambalo afisa hakukuambia. Soma tena vitu vinavyotajwa katika kifungu hicho: ufukwe wa bahari, ufukwe wa ziwa la asili, ukingo wa mto, bwawa la maji. Ardhi oevu haimo. Tindiga lako, lile bonde la matete lisilo na mto unaoonekana, lina kifungu chake, cha 56, nacho kinampa Waziri uwezo wa kulitangaza kuwa ardhi oevu inayolindwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 7, inaweka ardhi oevu katika ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu chanzo cha maji kutangazwa eneo tengefu. Katika zote tatu, kitu cha kutafuta ni tangazo. Swali lako la kwanza kwa mwenye kamba, basi, liwe hili, tena kwa upole kabisa: “Samahani afisa, bonde hili limetangazwa? Naomba kuona tangazo.” Likiwapo, na mipaka inakukuta, mjadala umebadilika na nitakushauri uondoke kwa utaratibu huku ukidai haki zako za ardhi. Lisipokuwapo, tunarudi kwenye ukingo wa mto na zile aina mbili za shughuli.

Na kamba ilianzia wapi? Umesema kwenye maji. Agosti maji yako kwenye mkondo mwembamba katikati ya bonde. Machi yako miguuni pa mlima. Kifungu chenyewe hakisemi uhesabu kutoka alama gani. Nimewahi kuona kesi ambayo shamba moja lilikuwa nje ya mita sitini kwa kipimo cha kiangazi, ndani kwa kipimo cha masika, na aliyelipima mara zote mbili ni mtu yuleyule, kutegemea mwenye shamba alikuwa nani. Kwa hiyo wakianza kupima, piga picha ya mahali kamba ilipoanzia na ilipoishia. Mwombe jirani asimame hapo ashuhudie. Mwombe mtendaji wa kijiji aandike vipimo na tarehe. Afisa anayefuata sheria hatakuwa na shida na hilo.

Sasa ile karatasi. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu fedha ulizotoa zinaweza kurudi ila saini ni kazi kuifuta.

Sheria ya mazingira inaruhusu kosa limalizwe bila kwenda mahakamani, yaani kufifilisha kosa. Sharti mojawapo ni kwamba mtuhumiwa akiri kwa maandishi. Sina ubaya na utaratibu wenyewe. Unapunguza msongamano wa kesi. Ubaya ni unavyotumika bondeni. Mtu anaambiwa “saini hapa kuonyesha umelipa,” kumbe anasaini kwamba alitenda kosa. Mwaka unaofuata wanakuja na karatasi ileile: wewe si uliwahi kukiri? Kwa hiyo usisaini karatasi usiyoisoma au usiyosomewa na mtu wako. Ukilazimika kusaini, andika kwa mkono wako juu ya saini, “Sikubali kosa.” Maneno mawili tu hayo yana thamani kubwa mbele ya hakimu.

Na faini halali haipokelewi mkononi. Malipo ya serikali hutolewa namba ya malipo, ukalipa benki au kwa simu, na risiti ikatoka. Anayekuambia mtandao uko chini, nipe nitakulipia, huyo anakuomba rushwa, na wala tusimtafutie jina lingine. TAKUKURU wanapokea simu ya bure 113. Nawajua wasomaji wangu, wataniambia TAKUKURU nao wamelala. Baadhi wamelala, ndiyo. Piga, kisha andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Barua yenye muhuri humsumbua ofisa kuliko matusi ya kijiweni.

Juu ya kufyeka mahindi: mgambo hana mamlaka ya kuamua kwa panga lake kwamba wewe ni mkosaji. Sheria ina amri za maandishi za kusimamisha shughuli au kurejesha mazingira katika hali yake, zinazosema umefanya nini, ufanye nini, ndani ya muda gani. Bila amri hiyo wala ya mahakama, kufyeka mazao ya mtu kunaweza kuwa kosa la jinai la kuharibu mali. Ripoti polisi siku hiyohiyo, mabua yakiwa bado mabichi.

Nimekutetea, sasa nikuambie upande wa pili, maana safu hii si ya kuwabembeleza wakulima. Ile aina ya pili ya shughuli ni ya kweli. Mfereji mrefu unaochimbwa kukausha tindiga zima ili upande zaidi unaliua bonde, na siku mkaguzi makini atakapokuja, hoja yangu ya “si ya kudumu” haitakuokoa. Chupa za dawa za wadudu kuoshwa kijitoni pia. Acha mkanda wa matete na nyasi kati ya tuta la mwisho na maji, usiuchome moto, matuta yafuate kontua badala ya kushuka na mteremko. Kisha nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji mkaingize vinyungu katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, na muunde jumuiya ya watumia maji, ambayo sheria ya 2009 inaitambua. Kinyungu kilichomo kwenye muhtasari wa kijiji, chenye masharti yaliyokubaliwa, ni vigumu sana kukipima kwa kamba na vitisho.

Tupande juu sasa, machinjioni.

Sheria hiyohiyo ya 2004, mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kumshitaki anayehatarisha mazingira. Huhitaji kuwa na hati ya shamba. Na wanaomwaga majitaka katika chanzo cha maji wanatakiwa wawe na kibali cha bodi ya maji ya bonde lao, chenye masharti ya ubora wa kile kinachotoka. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, nakala bodi ya bonde, uombe kuona kibali cha machinjio. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku zisizozidi 30 kujibu. Jibu likiwa “hatuna kibali,” umepata ushahidi kutoka kwa mshitakiwa mwenyewe. Asipojibu, ukimya wake nao unaingia kwenye faili.

Usihangaike kujaza damu kwenye chupa ya soda ukaipeleke maabara kwa basi. Sampuli ya namna hiyo wakili wa upande wa pili ataichana: nani aliichota, chupa ilikuwa na nini, ilikaa wapi njiani? Piga picha na video zenye tarehe, weka daftari la siku za kuchinja na rangi ya maji, kisha dai kwa maandishi mkaguzi wa mazingira au mtaalamu wa bodi ya bonde aje achukue sampuli mbele ya mashahidi. Dai mapema, maji hayangoji. Mnakumbuka Machi 2022, Mto Mara ulipobadilika rangi na samaki kuelea. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng’ombe pamoja na mimea iliyooza, na nusu ya nchi ikacheka kwa uchungu. Mimi si mkemia. Najua tu kwamba wananchi wa kando ya mto hawakuwa na sampuli yao, kwa hiyo walibaki na hasira bila hoja ya kuipeleka mahakamani.

Na usiambiwe kwamba halmashauri haishitakiki. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wa Tabata walilipeleka Jiji la Dar es Salaam mahakamani kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo, wakashinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa taka, Jaji Lugakingira alikataa, akishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua. Miaka michache baadaye wakazi wa Kunduchi Mtongani nao, katika kesi ya Festo Balegele na wenzake, wakalizuia dampo jingine la jiji hilohilo. Yote hayo kabla ya sheria ya 2004 kuzaliwa.

Kinachoniudhi ni kwamba leo Kessy angepata shida zaidi. Tangu marekebisho ya 2020, anayeishitaki halmashauri lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi iende Mahakama Kuu. Siku 90 ni msimu mzima wa mahindi mabichi. Mwaka huohuo likaja jingine: anayedai haki za msingi chini ya Katiba alitakiwa aeleze kwa kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Wewe umeguswa, damu inapita kwenye matuta yako, kwa hiyo hata kwa sharti hilo mlango ulikuwa wazi kwako. Lakini shirika lenye mawakili na fedha halikuweza kwa urahisi kusimama mahali pako. Bunge linalosema kila mtu ana haki ya kulinda mazingira, kisha likawapunguza wanaoruhusiwa kufika mahakamani, limetoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto. Na ile namba sitini, moja kwa Ziwa Victoria na kwa kijito unachokiruka bila kulowa, haikutokana na kutembelea bonde lolote. Waziri amepewa na sheria uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli za kando ya maji. Miongozo ya vinyungu, inayosema lima hivi usilime vile, ingemnyang’anya afisa kamba yake.

Kuhusu laki na nusu yako: andika barua kwa mkurugenzi ukieleza tarehe, mahali, jina la afisa na kiasi, uombe risiti au fedha zako. Omba risiti kwanza, kwa sababu haipo, na mkurugenzi atalazimika kuuliza iko wapi. Barua hiyohiyo iwe mwanzo wa notisi ya siku 90 juu ya machinjio. Msaidizi wa kisheria wa wilayani kwako atakusaidia kuiandika bila malipo.

Shemeji? Mkaratusi unakaa miaka, na kiu yake bondeni kila mtu huko kwenu anaijua. Huo ndio wa kudumu, na ndio unaoharibu. Mwambie aukate na apande mivengi, miti rafiki wa maji, kabla wewe hujapeleka barua, kwa sababu ukishaipeleka, kamba itaanzia kwake.