Mwanzo upi wa shujaa unanoga?

SWALI: Katika geimu ya Dragon Age: Origins (2009) mchezaji huchagua mwanzo mmoja kati ya sita. Hapa Kamalondo tunabishana kila jioni. Wewe unapenda upi, na upi haukupendezi?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu, nampenda mwana wa mfalme wa vibete. Mdogo wake, Bhelen, anamsingizia kumuua kaka yao, naye anatupwa kwenye njia za chini ya ardhi afie huko. Baadaye anarudi mji wao, Orzammar, na ndiye atakayeamua kama Bhelen huyohuyo atawazwe! Wa mwisho kwangu ni mwana wa kabaila: nyumba inavamiwa usiku, wazazi wanauawa, kisasi. Yatima wa kisasi tumeshawachoka.

Lakini mbona mnatafuta mbali, na masimulizi ya Waluba mnayo hapo Katanga? Mfalme Nkongolo anamwalika mpwa wake, Kalala Ilunga, acheze juu ya mkeka uliofunika shimo la mikuki. Mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo. Kijana anaujaribu mkeka kwa mkuki, unazama, anatimua mbio kuvuka Lualaba hadi kwa baba yake, Mbidi Kiluwe. Wasimuliaji hutofautiana, ila shimo ni nadra kukosekana. Tazama tulichopata kwa tukio moja: adui ni mjomba, rafiki ni mpiga ngoma, na kijana ana akili.

Mkiunda mhusika wenu, mwigeni Mbidi: mwindaji mgeni asiyekula mbele za watu, aliyefikia kwa Nkongolo, mfalme anayekula hadharani. Ugomvi unaanzia hapo, kabla hata ya panga kuchomolewa.