Mafunzo Niliyopata kwa Kukusanya Sarafu Kuukuu Migori na Homa Bay

Ukiwa Nyanza Kusini huhitaji duka la vitu vya kale ili upate sarafu kuukuu. Mgodi wa Macalder ulilipa vibarua enzi za ukoloni, wavuvi wa Mbita na Karungu waliuza samaki kwa senti zenye tundu, na mpaka wa Isebania haukosi mtu mwenye hela za nchi mbili mfukoni. Nimekusanya sarafu na noti katika masoko ya kaunti hizi mbili kwa miaka mingi. Haya ndiyo yaliyonifaa.

1. Panga kwa mtoaji kwanza, mwaka baadaye.
Sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, zikae kando. Za Kenya, zilizoanza 1966, zikae kando. Za Tanzania na Uganda vivyo hivyo. Ndani ya kila kundi fuata thamani, kisha mwaka. Hapo mapengo hujionyesha yenyewe. Utaona huna senti 25 ya Kenya, au utagundua kwamba shilingi za 1966 hazina maandishi kuzunguka kichwa cha Mzee Kenyatta, ilhali za 1969 zinayo.

2. Andika siku hiyohiyo.
Nikipata otonglo, yaani senti 10 kuukuu, sokoni Oyugis, humwuliza anayeuza, "Mama, hii ilikuwa ya nani?" Akisema ni ya babake aliyefanya kazi Macalder, naandika hivyo daftarini, pamoja na bei na tarehe, na naonyesha kwamba ni maneno yake. Naandika pia herufi ndogo za kiwanda kilichoipiga, kama H au KN. Sarafu mbili zinazofanana kwa macho hutofautiana kwa herufi hizo, na mnunuzi makini ataziuliza kabla ya kuuliza bei.

3. Usiing'arishe.
Jivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria ni vya jikoni. Rangi nyeusi iliyokaa juu ya fedha kwa miongo ni sehemu ya sarafu, na ukiikwangua unaacha mikwaruzo isiyofutika. Mkusanyaji anayejua kazi yake hushusha bei akiona mng'ao mpya. Shika sarafu kwa ukingo, na vumbi likizidi, tumia maji safi kisha uiache ikauke bila kuisugua.

4. Ogopa unyevu wa ziwa na plastiki laini.
Nyumba za Homa Bay na Kendu Bay hupata hewa nzito. Mifuko ya plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali, huachia utando wa kijani unaonata juu ya shaba. Mimi hutumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Noti hukaa bapa ndani ya sanduku, bila selotepu na bila kupigwa laminesheni. Sanduku liko juu ya rafu ya chuma, kwa sababu mchwa hawabagui noti na magazeti.

5. Tumia mizani ya dhahabu.
Migori ina faida ambayo miji mingi haina: wanunuzi wa dhahabu wenye mizani inayosoma sehemu ya gramu. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ina uzito wa takriban gramu 7.8, na robo yake tu ndiyo fedha. Kwa hiyo fedha safi iliyomo haifiki gramu 2. Zilizopigwa kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Mtu akikuambia "fedha tupu", hesabu hiyo inamaliza mjadala.

6. Uzee si uhaba.
Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, akaacha kiti cha ufalme. Sarafu zenye jina lake ni adimu sana Uingereza, lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo zilipigwa kwa wingi na bado zinapatikana kwa bei nafuu. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kuwa fedha halali baada ya 30 Septemba 2019, na zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa benki. Iliyokunjwa ina wenzake wengi mno. Ambayo haijawahi kukunjwa ina wachache.

7. Bei ni ile iliyolipwa.
Tangazo la mtandaoni linalotaka mamilioni kwa shilingi 40 ya 2003, ile yenye picha ya Kibaki, linaonyesha matumaini ya muuzaji tu. Tafuta rekodi za minada na uliza wakusanyaji zaidi ya mmoja. Anayekutaka utume ada ya usajili kwa M-Pesa kabla ya kuiona sarafu yako anafuata ada hiyo.

8. Badilishana zilizozidi, na waonyeshe wa nyumbani daftari.
Sarafu ya tatu ya aina moja ina kazi zaidi mkononi mwa mwenzako anayeikosa. Nyumbani nako, watoto wasiojua kilichomo kopani watakipeleka chote kwa mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi. Kila safu ya daftari langu ina bei niliyolipa, bei ya karibuni ninayoijua, na aina ya mtu wa kumwuliza. Wakiamua kuuza siku moja, watauza wakijua wanachouza.