Kazi ya Mtaalamu wa Maji ya Chini ya Ardhi: Jinsi ya Kuisomea na Kuipata

Ukitoka Tiwi kwenda Kinango, maji yaliyo chini ya miguu yako hubadilika. Kule Tiwi maji matamu yamekaa ndani ya mchanga na mawe ya matumbawe, na visima vyake vinahudumia Diani na sehemu za Likoni. Ukipanda bara unakuta mawe ya aina nyingine, na mahali pengine mtu huchimba akapata maji yasiyonyweka. Si bure kwamba kuna mahali panaitwa Maji ya Chumvi kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Wanajiolojia nao wameyapa mawe ya sehemu hiyo jina hilo hilo.

Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine kinaweza kumeza mamilioni ya shilingi. Kikitoka kikavu au cha chumvi, pesa zimekwenda na kina mama bado wanabeba mitungi. Mtu anayetarajiwa kuzuia hasara hiyo ni mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Makala haya yanawaeleza vijana wa Kwale, na wazazi wao, kazi hii ni ipi, inasomewaje na inatafutwaje.

Kazi yenyewe

Kazi huanza kabla mashine haijafika. Mtaalamu husoma ramani za mawe, kisha huenda kijijini kuuliza wazee: kisima gani hukauka kabla ya mvua za masika, kipi hakikauki, na kipi maji yake yalianza kuwa na chumvi. Baada ya hapo hupigilia vigingi vya chuma ardhini, akapitisha umeme na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Mwamba wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwamba mkavu. Lakini udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi pia hupitisha umeme, kwa hivyo asiye na ujuzi hudanganywa na kifaa chake mwenyewe.

Matokeo yake huandikwa katika ripoti. Kwa utaratibu wa sasa, anayetaka kuchimba kisima kirefu huambatanisha ripoti hiyo na ombi lake la kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Masuala ya mazingira hupitia NEMA.

Uchimbaji unapoendelea, mtaalamu huchukua sampuli za mawe yanayotolewa na kuamua mabomba yenye matundu yawekwe wapi. Kisima kikiisha, hupigwa pampu ya majaribio, mara nyingi kwa saa 24, na maji hupelekwa maabara. Floridi, kwa mfano, haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanaweza kuwa maangavu na yasiwe na ladha mbaya, na bado yakaharibu meno ya watoto.

Hesabu ndogo ya kujipima

Chukua kalamu. Kabla ya pampu kuwashwa, maji yako kwenye kina cha mita 48. Pampu ikiwashwa, ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 24. Baada ya saa kadhaa maji yameshuka hadi mita 63 na yametulia hapo.

Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya kwa 24 upate ndoo 150. Zidisha kwa lita 20 upate lita 3,000 kwa saa. Maji yameshuka mita 15, kwa hivyo kila mita ya kushuka imetoa lita 200 kwa saa.

Sasa kamati ya maji inasema inataka lita 6,000 kwa saa. Maji yatashuka angalau mita 30, yaani hadi mita 78 au zaidi. Ikiwa pampu imewekwa mita 70, itavuta hewa na kuungua. Ukiweza kuieleza kamati hesabu hii kwa utulivu, umeshaonja kazi yenyewe.

Karibu na bahari kuna hesabu nyingine ya kukumbuka. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kupita kiasi na kushusha maji kidogo tu, chumvi hupanda sana kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, huweza kuchukua miaka mingi kupona.

Njia ya masomo

Aliye shuleni azingatie hisabati, fizikia, kemia na jiografia. Anayelenga shahada anahitaji angalau alama ya C+ katika KCSE, pamoja na alama za masomo yanayotakiwa na kozi. Wengi husomea jiolojia. Chuo Kikuu cha Nairobi ni kimojawapo cha vyuo vinavyoifundisha. Wengine husoma uhandisi wa maji kisha wakaongeza masomo ya maji ya chini ya ardhi katika shahada ya pili.

Asiyefikisha alama hizo bado ana njia. Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, hutoa mafunzo ya cheti na stashahada katika fani za maji. Fundi anayejua kupima maji, kusimamia pampu ya majaribio na kutunza kumbukumbu anahitajika sawa na mwenye shahada. Kuhusu karo, ulizia mikopo ya HELB na basari za kaunti na za NG-CDF mapema, kabla hujapata barua ya kujiunga na chuo.

Baada ya shahada, cheti peke yake hakitoshi kutia sahihi ripoti. Kuna Bodi ya Usajili wa Wanajiolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993, na Wizara ya Maji hutoa leseni kwa wataalamu wa fani hii. Usajili huhitaji uzoefu, na uzoefu hupatikana chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ichaguliwe kwa kuangalia nani atakufundisha, kuliko kuangalia mshahara tu.

Kazi ziko wapi

Waajiri ni wengi kuliko watu wanavyodhani: idara za maji za kaunti, WRA, mashirika ya ujenzi wa miradi ya maji kama lile la Pwani, kampuni za kuchimba visima, ofisi za washauri, mashirika ya misaada, migodi na vyuo vinavyofanya utafiti. Kwale yenyewe imewahi kuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa maji ya chini ya ardhi, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Oxford na vyuo vya Kenya.

Usijifungie nyumbani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka bodi za utumishi wa umma za kaunti kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zinakwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Kijana wa Lunga Lunga anaweza kuomba kazi Marsabit au Turkana, kama vile wa huko anavyoweza kuomba hapa.

Unapoomba kazi

Kwanza, soma tangazo mara mbili na upeleke stakabadhi zilizotajwa, kwa namna iliyotajwa.

Pili, usiandike tu kwamba wewe ni mchapakazi. Andika ulichokifanya: umepima visima vingapi, wapi, kwa kifaa gani. Ambatanisha ripoti moja fupi uliyoiandika, hata ikiwa ni ya mafunzo ya nyanjani.

Tatu, ukiwa mwanafunzi tafuta nafasi ya mafunzo kazini katika kampuni ya uchimbaji. Utalala kwenye hema na kuchafuka tope, lakini utaona kwa macho mawe uliyoyasoma darasani.

Nne, usitoe pesa. Bodi ya Utumishi wa Umma haiuzi fomu wala nafasi. Anayekuitisha "chai" ili jina lako lipite ni mwizi, na aripotiwe.

Swali gumu la mahojiano

Mwombaji ajitayarishe kwa swali hili: kijiji kimechanga pesa, viongozi wameshachagua mahali, na vipimo vyako vinaonyesha hapana maji ya kutosha. Utaandika nini?

Jibu ni moja. Utaandika ulichokipima, kisha utapendekeza mahali pengine au njia nyingine, kama vile kuvuna maji ya mvua. Ripoti ya kumfurahisha mtu huonekana nzuri mpaka siku mashine inapotoa vumbi tupu. Siku hiyo jina lililo chini ya ripoti ni lako. Katika kazi hii jina ndilo linalokupa kazi ya pili na ya tatu.

Anza na kisima cha kwenu

Huna haja ya kungoja chuo. Omba ruhusa kwa kamati ya kisima cha kijiji. Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajateka, shusha kamba safi yenye uzito na alama za mita, uandike tarehe, kina cha maji, ladha yake na kama mvua ilinyesha. Baada ya mwaka utakuwa na kurasa chache zinazoonyesha kisima chenu kinavyopanda na kushuka. Kamati itajua ni lini ipunguze kuvuta, na wewe utakuwa na kitu cha kuweka mezani siku utakapoitwa mahojiano.