Dawa ya Magugu na Dawa ya Ukungu: Zitiwe Pampu Moja?

Uwanja wa shule au wa kanisa wenye nyasi ya Kikuyu hutumiwa na wengi. Watoto hucheza hapo miguu mitupu, mikutano hufanywa hapo, na mama mwenye ng'ombe huja kuomba nyasi zilizofyekwa. Kwa hivyo anayepiga dawa hapo awafikirie wote hao kwanza.

Wakati wa mvua shida mbili huweza kuja pamoja. Magugu ya majani mapana kama kishona nguo yanatokea, na hapa na pale nyasi inaingia mabaka ya kahawia. Mtunza uwanja anajiuliza: si nitie dawa zote mbili kwa pampu moja nimalize kazi leo? Wakati mwingine inawezekana. Lakini mara nyingi haifai, na tuone ni kwa nini.

Dawa ya ukungu haiui magugu, wala haiongezei dawa ya magugu nguvu, hata kama jirani amekuambia hivyo. Dawa kama 2,4-D huingia kwa majani ya gugu, hushuka hadi mizizini, na kulifanya likue ovyo mpaka lijisokote na kufa. Nyasi huistahimili ikiwa kipimo ni sawa. (Glyphosate ni kitu kingine kabisa. Hiyo inaua nyasi pia, usiilete hapa.) Lakini poda kama mancozeb hukaa juu ya jani kama koti, izuie ugonjwa usiingie. Basi ya kwanza inataka matone makubwa juu ya gugu lenyewe, na ya pili inataka matone madogo yafunike kila jani la nyasi. Ikiwa magugu yako karibu na goli na mabaka yako kivulini chini ya mti, ya nini kupiga zote mbili kila mahali?

Tena hakikisha huo ni ukungu kweli. Nenda asubuhi kukiwa na umande, uchuchumae uangalie. Ukiona nyuzi nyeupe kama za utando wa buibui, au madoa kwenye majani, shuku ugonjwa. Lakini mabaka mengi huletwa na maji yaliyotuama, kukanyagwa sana, ama mkojo wa mbwa. Hayo hayana dawa ya dukani.

Kama shida zote mbili ziko mahali pamoja, soma karatasi za dawa zote mbili. Ikiwa moja inakataza kuchanganywa, mambo yameishia hapo. Angalia pia kama ina nambari ya usajili ya PCPB na kama imeruhusiwa kwa nyasi, maana dawa nyingine huondolewa sokoni na bado chupa kuukuu zikabaki stoo.

Karatasi zikiruhusu, jaribu kwanza kwa chupa inayoonyesha ndani. Tia lita 1 ya maji yale yale utakayotumia. Kama kipimo ni mililita 100 kwa pampu ya lita 20, chupa itapata mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai (na kijiko hicho kisirudi jikoni). Poda hutangulia, ikorogwe mpaka ilainike, ndipo dawa ya maji ifuate. Tikisa, uache nusu saa. Ikiganda kama mala, ikijitenga isikubali kuchanganyika tena, au chupa ikipata joto, usitie kwa pampu. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huharibu 2,4-D hata ikiwa peke yake. Na mchanganyiko ukikubali kwa chupa, bado unaweza kuunguza nyasi. Piga hatua mbili kwa mbili pembeni, ungoje wiki moja.

Piga asubuhi kukiwa kumetulia, umevaa glavu, buti na kitu cha kufunika mdomo na pua. Upepo ukielekea shamba la nyanya, acha. Watoto wakae mbali mpaka siku iliyoandikwa kwenye karatasi ipite. Nyasi zitakazofyekwa baadaye zisipewe ng'ombe, na zisitandazwe kwenye mboga. Mama yule aambiwe mapema, kabla hajafika na gunia lake.

Halafu pampu. Mimi mwenyewe niliwahi kupulizia nyanya kwa pampu iliyotoka kupiga 2,4-D. Nilikuwa nimeisuuza mara moja tu, nikaona inatosha. Baada ya siku chache majani ya juu yalijikunja na kuwa membamba kama kamba, na msimu ule sikuuza hata debe moja. Nyanya hudhurika kwa dawa hiyo hata ikiwa kidogo sana. Kusuuza mara tatu kunasaidia, lakini afadhali mwe na pampu mbili. Ile ya magugu ipakwe rangi nyekundu, ifungiwe stoo, na asiazimwe mtu wa kwenda kupiga mboga. Maji ya kusuuza yamwagwe pale pale kwenye nyasi iliyopigwa dawa, si mtaroni.